Ukiugua muda mrefu, tenga dakika 10 za kuchora au kuandika kila siku

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, hutumia saa 12 za wiki akiwa pembeni ya mashine. Kwa mwaka ni zaidi ya saa 600. Mtoto mwenye selimundu akishikwa na maumivu makali anaweza kulala nyumbani au wodini siku kadhaa huku wenzake wakiendelea na masomo. Anayetibiwa kifua kikuu humeza dawa kwa kawaida kwa miezi sita, na wiki za mwanzo mara nyingi hana nguvu za kurudi kazini.

Saa hizo zote huishia wapi? Kwa wengi huishia kwenye simu. Mgonjwa anaangalia video fupi moja baada ya nyingine, anasoma malumbano ya watu asiowajua na usiku wa manane anaanza kutafuta maana ya kila dalili anayoisikia mwilini. Kunapokucha amechoka kuliko alivyolala, na hofu imeongezeka.

Simu hiyohiyo inaweza kufanya kazi nyingine. Mtandaoni kuna masomo ya kuchora, vitabu vya hadithi, kurasa za kupaka rangi na vifaa vya kutungia muziki ambavyo havilipiwi hata shilingi moja, ukiacha gharama ya bando. Vikitumiwa kwa utaratibu, dakika chache kila siku, vinaweza kumrudishia mgonjwa kitu ambacho ugonjwa humnyang'anya mapema sana, yaani nafasi ya kuamua mwenyewe leo atafanya nini, kisha akakifanya na kukimaliza.

Wiki hii tunaangalia faida za mazoea hayo kwa mgonjwa na kwa mzazi anayeuguza, vifaa vya bure vya kuanzia, namna ya kuokoa bando na tahadhari za kiafya ambazo hazipaswi kupuuzwa.

Utafiti unasemaje?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO), kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilitoa ripoti iliyopitia matokeo ya zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya. Ripoti hiyo ilieleza kuwa kuchora, kuimba, kucheza ngoma, kuandika na kazi nyingine za sanaa zina mchango katika kuzuia baadhi ya matatizo ya afya na katika kuwasaidia watu wanaoishi na magonjwa, ikiwamo kupunguza wasiwasi wakati wa matibabu.

Utafiti mmoja unaofahamika sana ulichapishwa mwaka 1999 nchini Marekani na kuwahusisha wagonjwa 112 wa pumu na baridi yabisi. Kundi moja liliombwa kuandika kwa dakika 20, siku tatu mfululizo, kuhusu tukio lililowaumiza zaidi maishani. Kundi la pili liliandika mambo ya kawaida, kama ratiba ya siku. Wote waliendelea na dawa zao. Baada ya miezi minne, karibu nusu ya walioandika kuhusu machungu yao walikuwa na nafuu iliyoonekana kwa vipimo vya daktari. Katika kundi la pili waliopata nafuu ya aina hiyo walikuwa takribani robo.

Kuhusu uchoraji, watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 karatasi, kalamu za rangi na udongo wa kufinyanga, wakawaacha watengeneze chochote kwa dakika 45. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa kwa takribani watu watatu kati ya kila wanne, kiwango cha kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo, kilishuka. Waliokuwa na uzoefu wa kuchora na wasiokuwa nao hawakutofautiana.

Jambo hilo la mwisho ni muhimu kwa msomaji wetu. Watu wengi hukataa kushika penseli kwa sababu waliambiwa shuleni kwamba hawajui kuchora. Katika utafiti huu faida haikutegemea uzuri wa picha.

Hata hivyo tusitie chumvi. Utafiti wa Drexel ulihusisha watu wachache na haukuwa na kundi la kulinganisha. Kwa baadhi ya washiriki homoni hiyo ilipanda badala ya kushuka. Hakuna utafiti kati ya hizi unaosema kuchora kunaponya figo, selimundu au saratani. Kinachosemwa ni kwamba mazoea haya, yakifanywa sambamba na matibabu, yanaweza kumpunguzia mgonjwa mzigo wa moyoni, na wakati mwingine hata dalili za mwili.

Daftari linavyomsaidia daktari

Kuna faida nyingine ambayo wagonjwa wengi hawaifikirii. Ukiulizwa kliniki, "Mwezi huu umekuwaje?", mara nyingi unajibu "Nilikuwa naendelea vizuri tu", kwa sababu unakumbuka siku mbili tatu zilizopita. Mgonjwa aliyechora au kuandika kitu kidogo kila siku ana kumbukumbu ya mwezi mzima mkononi. Anaweza kuonyesha kwamba maumivu huja zaidi siku za baridi, au kwamba usingizi ulianza kupotea baada ya kubadilishiwa dawa.

Kwa watoto faida hii ni kubwa zaidi. Mtoto wa miaka mitano hana maneno ya kutosha kueleza maumivu. Wauguzi wa watoto katika nchi mbalimbali hutumia mchoro rahisi wa mwili, mbele na nyuma, na mtoto huchagua rangi za kuonyesha panapouma na panauma kiasi gani. Mzazi anaweza kufanya hivyo nyumbani. Chora umbo la mtu kwenye daftari, mwache mtoto achague rangi ya "inauma sana", ya "inauma kidogo" na ya "haiumi", kisha apake mwenyewe. Usimsahihishe. Andika tarehe, na siku ya kliniki nenda na daftari hilo.

Kwa nini iwe kila siku?

Mtu anayesubiri hadi ajisikie vizuri ndipo achore hupitisha wiki nzima bila kuchora, kwa sababu ugonjwa hauna ratiba. Mazoea ndiyo yanayombeba siku ambayo hana hamu.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha London (UCL) waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujijengea tabia mpya, kama kunywa maji wakati wa chakula au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kuwa ilichukua wastani wa siku 66 kabla ya tabia kuanza kufanyika yenyewe bila kujilazimisha. Wapo waliochukua siku 18, na wapo waliokadiriwa kuhitaji siku 254. Walibaini pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Kwa mgonjwa hii ni habari njema. Ukilazwa ghafla, au ukiamka huna nguvu hata ya kushika kalamu, hujaharibu chochote. Unaanza tena kesho palepale ulipoishia. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na gogo halihesabu siku ambazo shoka lilipumzika.

Mambo mawili husaidia zaidi. La kwanza, funga zoezi lako kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku, kama kumeza dawa ya asubuhi au chai ya saa kumi. La pili, anza na kiasi kidogo ambacho hata siku mbaya utakiweza. Dakika 10 zinatosha, na siku ya maumivu mstari mmoja unatosha.

Vifaa vya bure kwa watoto

Mtandao una mambo mengi mno, na wingi huo ndio unaowachosha wazazi. Vifuatavyo vinatosha kwa kuanzia. Chagua kimoja tu, kitumie wiki mbili kabla ya kujaribu kingine.

*African Storybook.* Mradi huu ulianzishwa Afrika Kusini mwaka 2014 na taasisi ya Saide. Una hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, na ni bure kuzisoma, kuzipakua na kuzichapisha. Faida yake kwa somo letu ni kwamba mtumiaji anaruhusiwa kutunga hadithi yake kwa kutumia picha zilizomo, au kuigeuza hadithi iliyopo. Mtoto aliyelazwa anaweza kukusimulia, wewe ukaandika, mkapata kitabu chake chenye jina lake. Kama kuandika kwenye simu ni kazi, msome hadithi moja, kisha achore kwenye daftari mwisho wake mwingine.

*Ubongo.* Hii ni taasisi ya Dar es Salaam inayotengeneza vipindi vya katuni vya Akili and Me kwa watoto wadogo na Ubongo Kids kwa wakubwa kidogo. Vinapatikana kwa Kiswahili kwenye YouTube na huonyeshwa pia kwenye televisheni, hivyo asiye na bando hakosi. Kipindi kikiisha zima kifaa, mwambie mtoto achore mhusika aliyempenda na akueleze alifanya nini.

*Art for Kids Hub.* Katika chaneli hii ya YouTube, baba mmoja wa Marekani anachora hatua kwa hatua pamoja na watoto wake. Lugha ni Kiingereza, lakini mtoto asiyekijua bado ataweza kufuata kwa macho. Mpangilio wake wa mtu mzima na mtoto kuchora kitu kimoja kila mmoja kwenye karatasi yake unafaa kuigwa. Mzazi, chora na wewe. Mtoto akiona cha mama kimepinda, hataogopa chake kupinda.

*Scratch.* Kwa watoto wa miaka minane na kuendelea walio na kompyuta au tableti, programu hii iliyobuniwa katika Chuo cha MIT huwawezesha kutengeneza katuni na michezo midogo kwa kupanga vipande vya maelekezo. Ni bure, ina Kiswahili, na ikishapakuliwa inaweza kutumika bila intaneti. Inamfaa mtoto wa sekondari anayekaa nyumbani muda mrefu na anayeona kupaka rangi ni mambo ya watoto wadogo.

Vifaa vya bure kwa watu wazima

*Kurasa za kupaka rangi.* Maktaba ya Chuo cha Tiba cha New York (New York Academy of Medicine) ilianzisha mwaka 2016 kampeni iitwayo Color Our Collections. Kila Februari maktaba na makumbusho za nchi mbalimbali hutoa vitabu vya kupaka rangi vilivyotokana na michoro yao ya zamani, ikiwamo ya mimea ya dawa, ndege na viungo vya mwili. Vya miaka iliyopita hubaki mtandaoni mwaka mzima, na kupakua ni bure. Ni mwanzo mzuri kwa mtu mwenye uchovu mkubwa, kwa kuwa mistari tayari ipo na yeye anachagua rangi tu.

*Drawabox.* Kwa anayetaka kujifunza kuchora kwa mpango, tovuti hii ina masomo ya bure yanayoanzia kwenye mistari na maduara. Ina kanuni moja ambayo mgonjwa anapaswa kuishika, kwamba nusu ya muda wako wa kuchora iwe ya kujifurahisha bila zoezi lolote. Masomo yake yana maelezo marefu ya Kiingereza na mazoezi mengi, kwa hiyo usijilazimishe kumaliza kwa haraka.

*Picha za makumbusho.* Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York liliruhusu mwaka 2017 picha zaidi ya 375,000 za vitu vyake zitumike bure. Humo mna vikapu, vinyago, vitambaa na vyungu, vikiwamo vya Afrika. Chagua kitu kimoja na ukinakili polepole.

*Chrome Music Lab.* Hiki ni kifaa cha Google kinachofunguka kwenye kivinjari bila kujisajili. Unagusa miraba, na kila mraba unatoa sauti, hadi unapata wimbo mfupi. Kinamfaa mtu ambaye mkono wake hauwezi kushika kalamu vizuri, kwa mfano aliyepata kiharusi, kwa sababu kidole kimoja kinatosha. Tumia spika za masikioni ukiwa wodini.

Ushairi hauhitaji bando

Msomaji wa Kiswahili ana hazina nyingine isiyohitaji mtandao. Magazeti yetu yamechapisha mashairi ya wasomaji kwa miongo mingi, na wengi wa watunzi hao walikuwa watu wa kawaida, wakulima, walimu na makarani. Umbo la shairi letu lina kanuni, na kanuni hizo humsaidia mgonjwa kwa sababu akili inayohesabu mizani haina nafasi kubwa ya kuhesabu maumivu.

Anza na utenzi, ambao ni mwepesi. Ubeti una mistari minne, kila mstari mizani nane, yaani silabi nane. Mistari mitatu ya kwanza inamalizika kwa kina kimoja, na wa nne una kina chake. Ubeti wa mtu aliyelazwa unaweza kuwa hivi:

Nimekaa kitandani
Dripu ipo mkononi
Macho yapo dirishani
Kunguru nawahesabu

Hakuna hekima kubwa hapo. Mtu ameangalia nje ya dirisha, akahesabu silabi kwa vidole, akapata mistari minne. Kesho ataandika ubeti mwingine, pengine kuhusu uji uliokuja umepoa. Utaratibu wa ubeti mmoja kwa siku utampa beti 30 mwisho wa mwezi. Asiyeweza kuandika anaweza kurekodi sauti kwenye simu, au kumsomea mjukuu akaandika.

Namna ya kuokoa bando

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba ni lazima uwe mtandaoni wakati wote unapofanya zoezi. Mtandao ni wa kuchukulia somo. Kazi yenyewe hufanyika kwenye karatasi. Mbinu hizi husaidia:

- Tenga siku moja ya wiki ya kupakua unachohitaji, mahali penye Wi-Fi ya bure au muda ambao mtandao wako una bando la bei nafuu.
- Video ya kuchora iangalie kwa ubora mdogo, kisha piga picha ya skrini kwa kila hatua. Picha sita au nane zinatosha kurudia somo siku nyingine bila intaneti.
- Ukurasa wa kupaka rangi uchapishe kwa rangi nyeusi kwenye steshenari, kisha utoe kopi kadhaa. Ni nafuu kuliko kununua kitabu.
- Usipokuwa na pa kuchapisha, weka karatasi nyembamba juu ya kioo cha simu, ongeza mwanga, na ufuatishe mistari kwa penseli bila kukandamiza.
- Zima kipengele kinachofungua video nyingine yenyewe. Hicho ndicho kinachogeuza dakika 10 kuwa saa mbili.

Wiki ya kwanza

Kwa asiyejua aanzie wapi, fuata mpango huu. Kila siku ni dakika 10, muda uleule.

Jumatatu: chora kikombe, sahani au kitu chochote kilicho mbele yako, bila kufuta.
Jumanne: andika mistari mitano kuhusu sauti unazosikia ulipo.
Jumatano: paka rangi nusu ya ukurasa mmoja.
Alhamisi: malizia nusu iliyobaki.
Ijumaa: tunga ubeti mmoja wa utenzi.
Jumamosi: chora mkono wako usiotumia kuchorea.
Jumapili: pitia kazi za wiki, chagua moja na umwonyeshe mtu mmoja unayemwamini.

Mtoto anaweza kufuata mpango huohuo, ila mwache achague mwenyewe rangi na kitu cha kuchora. Siku nzima watu wengine humwamulia ale nini, achomwe sindano mkono upi na alale saa ngapi. Dakika hizi ziwe zake. Akikataa leo, usimlazimishe wala usimwahidi zawadi. Kaa karibu naye uanze kuchora wewe.

Tahadhari za kiafya

*Mkono wenye mrija.* Anayesafishwa damu asitumie kabisa mkono uliochomwa sindano za mashine, hata kwa kuchora kidogo. Atumie mkono mwingine na daftari gumu lisilohitaji kushikiliwa. Mwenye dripu amuulize muuguzi kwanza.

*Maambukizi.* Wagonjwa wanaopata dawa za saratani kinga yao hushuka. Wasichangie krayoni wala daftari na wagonjwa wengine, na wanawe mikono kabla na baada. Penseli za mbao ni vigumu kuzisafisha, kwa hiyo kila mtoto awe na zake. Udongo wa kufinyanga uliochotwa nje usiingie wodini.

*Harufu na vumbi.* Mwenye pumu akae mbali na rangi za mafuta, tina, gundi zenye harufu kali na vumbi la chaki. Penseli za rangi na krayoni za nta ni salama zaidi kwake.

*Watoto wadogo.* Shanga, vifuniko vya kalamu na vipande vya krayoni vinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Rangi za kupaka nyumba na mabati zisitumike kwa michezo ya watoto, kwa kuwa baadhi zina madini ya risasi yanayodhuru ubongo.

*Macho, mgongo na usingizi.* Baada ya kila dakika 20 za kuangalia skrini, tazama kitu cha mbali kwa muda mfupi. Usiku tumia karatasi badala ya simu, kwani mwanga wa skrini huchelewesha usingizi.

*Picha za mtoto mtandaoni.* Usitume mtandaoni kazi ya mtoto ikiwa inaonyesha jina lake kamili, shule, namba ya faili au jina la wodi. Na usimpe maelezo ya ugonjwa mtu anayejitokeza kwenye maoni akidai ana dawa inayotibu kabisa.

Maandishi yanapofungua kidonda

Kuandika kuhusu jambo zito kunaweza kumwacha mtu na huzuni kwa saa kadhaa. Hata katika tafiti za mwanzo za aina hii, zilizofanywa na mwanasaikolojia James Pennebaker katika miaka ya 1980, washiriki walijisikia vibaya mara tu baada ya kuandika, ingawa kwa miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache kuliko wenzao. Kama umefiwa hivi karibuni, umepitia ukatili au umewahi kutibiwa sonona, usianze peke yako na tukio linalokuumiza zaidi. Anza na mambo ya kawaida, na mweleze mtoa huduma wako kwamba umeanza kuandika. Ukiona huzuni inazidi siku hadi siku, acha mada hiyo na utafute msaada.

Kwa mtoto, usijifanye mpiga ramli wa picha zake. Kutumia rangi nyeusi hakumaanishi ana tatizo, huenda ndiyo krayoni iliyokuwa karibu. Usiulize "Mbona umechora vibaya?" wala "Huyu anayelia ni wewe?". Sema, "Hebu niambie kuhusu picha hii," kisha nyamaza usikilize. Lakini mtoto au mtu mzima akichora au kuandika kwa kurudia kwamba anataka kufa, anataka kujiumiza, au kuna mtu anamfanyia vitendo vibaya, usisubiri siku ya kliniki. Usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Anayeuguza naye

Mama anayelala kwenye kiti pembeni ya kitanda cha mwanawe naye ana saa ndefu. Mara nyingi hujiona hana haki ya kufanya jambo lake wakati mtoto anaumwa. Anayo. Mtoto akilala, mama naye ana dakika 10 za daftari lake. Ikiwa ni kufuma kitambaa, kushona kofia au kusuka ukili, hizo pia ni kazi za mikono zenye utulivu wake, na mtandaoni kuna video za bure za kujifunza mishono mipya.

Dawa kwanza

Penseli haichukui nafasi ya kidonge. Mtoto mwenye selimundu akianza maumivu, mpe kwanza maji na dawa ya maumivu aliyoandikiwa, kisha kuchora kumsaidie kuhamisha mawazo wakati dawa ikifanya kazi. Akipata homa, kupumua kwa shida, kifua kuuma, tumbo kuvimba upande wa kushoto, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au maumivu yasiyotulia, mpeleke hospitali mara moja.

Kwa anayetaka kuanza leo, kinachohitajika ni daftari moja la shule, penseli na saa maalumu ya siku. Liweke daftari palepale unapoweka dawa zako, na ukurasa wa kwanza uandike tarehe ya leo.